Jezi Ambayo Anko Barasa Alivuliwa Houston

Sisi tuliokulia Texas kabla simu hazijajifunza kuonyesha njia, tuliosafiri kwa ramani ya karatasi iliyokunjwa vibaya na mama anayeendesha gari akiwa bado na sare ya hospitali, tuna Jumamosi zetu ambazo watoto wa leo hawawezi kuziona hata tukiwachorea. Wenzangu wengine walikuwa na Jumamosi za katuni, wengine za mazoezi ya kwaya. Zangu zilikuwa za raga.

Tulikaa Richardson, kwenye fleti ya ghorofa ya pili ambayo kila jioni ilinukia vitunguu vya watu wa nchi nne tofauti. Baba alifanya kazi kwenye ofisi za kompyuta kule Plano, akirudi na tai mfukoni. Mama alikuwa nesi wa zamu ya usiku. Mimi na mdogo wangu Tito tulilala chumba kimoja, na sebuleni, kwenye kochi fupi kuliko yeye, alilala Anko Barasa, mdogo wake Mama, miguu ikining'inia hewani kama ya mtu anayesubiri kukatwa kucha. Kanisani aliwaambia watu kwamba amekuja Amerika kusoma. Na kweli alisoma, siku ambazo hakukuwa na mazoezi.

Nairobi alikuwa ameanza vizuri kuliko wote wa rika lake. Mama alipenda kutusimulia jinsi alivyoitwa kambi ya timu ya taifa akiwa bado na sare ya shule, na jinsi, kabla hajavaa jezi ya taifa hata mara moja, alivyomsukuma refa kifuani katika mechi ya klabu akafungiwa msimu mzima. Adhabu ilipokwisha, akavunjika mfupa wa bega. Bega lilipopona, klabu yake ikasambaratika kwa ugomvi wa viongozi. Mtu mwingine angeachana na mpira. Yeye alipanda ndege na viatu vya raga kwenye begi la mkononi, akihofia vikipotea na mizigo hataweza kupata vingine.

Timu aliyoipata ilikuwa Euless, karibu na uwanja wa ndege, mahali ambapo Watonga wengi, watu wa visiwa vya Pasifiki, walikuwa wamejenga maisha. Wakati wa wiki walipakia mizigo kwenye ndege, Jumamosi wakacheza raga ya watu kumi na watatu, ile ambayo ukikabwa unainuka, unausukuma mpira nyuma kwa mguu, na mchezo unaendelea bila kupumua. Kocha wao aliitwa Sione, mtu mpana kama mlango wa kanisa, mwenye sauti ya upole ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Anko Barasa alitolewa kwa kadi nyekundu katika mechi yake ya kwanza. Baada ya mechi Sione alimwekea mkono begani, akamwambia kwamba mpira wake ni wa ajabu na hasira yake ni ya kitoto, achague anachotaka kubaki nacho. Tangu siku hiyo sikumwona tena Anko akigombana uwanjani.

Na alikuwa mchezaji, jamani. Mimi si mtaalamu, lakini nilikuwa nimekaa pale kwenye nyasi. Alipopata mpira, kina mama wa Kitonga waliacha kugawa chakula. Alikuwa na namna ya kupunguza mwendo kidogo, kama aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, na yule anayemkaba akipunguza naye, Anko alikuwa ameshapita.

Sisi watoto tulikuwa na mechi zetu wenyewe. Tuliteleza kwenye mteremko nyuma ya magoli tukiwa tumekalia maboksi, tukaangukia kwenye vichuguu vya wale chungu wekundu wa Texas wanaouma kama sindano, tukalia, tukarudi kuteleza. Maji tulikunywa kwenye mpira wa kumwagilia bustani, yakiwa na ladha ya plastiki iliyochomwa na jua. Mama alileta chapati na ndengu ndani ya sanduku la kubebea vinywaji baridi, ambalo kwetu lilitumika kuhifadhi joto, na Watonga walileta nguruwe wa kuoka na majimbi, tukabadilishana bila kujua majina ya vyakula. Binti yangu siku hizi akifika mahali, kabla hajasalimia wakubwa, anauliza neno la siri la intaneti. Ukimpa maji ya bombani anayatazama kama umemwekea dawa ya panya.

Mama mwenyewe hakuangalia mechi nyingi. Alitoka zamu, akatuendesha hadi Euless, akalala kwenye kiti cha gari madirisha yakiwa wazi. Lakini kila Anko alipopita kwenda kuvaa viatu, alifungua jicho moja na kumwambia neno lile lile: "Kichwa hakina spea, Barasa." Anko alicheka akaenda zake.

Basi ikatokea kwamba timu ya Houston, iliyokuwa ya Waingereza na Waaustralia wa kampuni za mafuta, ilikuwa na kocha aliyewahi kuchezea klabu moja kaskazini mwa Uingereza, huko ambako watu hulipwa kucheza mchezo huu. Alimwona Anko mara mbili. Mara ya pili alimfuata hadi kwenye gari letu, akamwambia kwamba mtu wa klabu ile atakuja Houston kutazama mechi moja tu, na kwamba ameshamtajia jina lake. Akicheza vile alivyocheza leo, ataondoka Texas kabla ya Krismasi.

Nyumbani kwetu wiki ile ilikuwa kama ya harusi. Baba, ambaye kwa kawaida hakuonyesha furaha isipokuwa kwenye habari za siasa za nyumbani, alimnunulia Anko koti la baridi la Uingereza, zito kiasi kwamba kulijaribu Texas mwezi wa tisa kulikuwa adhabu. Anko alilivaa sebuleni akitokwa jasho, akitembea huku na huku, mimi na Tito tukimpigia makofi.

Wiki mbili kabla ya mechi ya Houston, Euless walicheza na timu ya Fort Worth. Anko alikimbia na mpira, akageuka, na goti la mtu likamgonga upande wa kichwa. Alianguka kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Wakati ule mambo yalikuwa mepesi: walimmwagia maji, wakamuuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa, akacheza mpaka mwisho. Hata trai, lile bao la raga, alifunga.

Kwenye gari, tukirudi, akamgeukia Tito. "Tumeshinda?"

"Tumeshinda, Anko."

Tulipofika karibu na Irving akauliza tena. "Tumeshinda?"

Tito akacheka, akamjibu kwa Kiingereza kwamba ndiyo, na yeye ndiye aliyefunga. Tulipoingia barabara ya nyumbani akauliza mara nyingine, kwa sauti ile ile na hamu ile ile, na mimi na Tito tukaangua kicheko kwa sababu tulidhani ni mchezo. Mama hakucheka. Aliegesha gari kando ya barabara, akamshika kidevu, akamtazama jicho moja baada ya lingine.

"Mwezi mzima hutagusa mpira," alisema.

"Dada, Houston ni wiki mbili."

"Nimesikia. Na mimi nimesema mwezi."

Anko alimwahidi. Siku zile alikuwa akifunga mapazia mchana, na asubuhi moja nilimkuta jikoni ameshika birika, akaniuliza vikombe vinakaa wapi, katika nyumba aliyokuwa ameishi karibu miaka miwili. Nilimwonyesha. Mama alikuwa mlangoni, akaona.

Houston tulikwenda sote, kwa sababu Anko alikuwa amemwambia Mama kwamba atakaa na wachezaji wa akiba tu, asalimiane na mtu wa Uingereza, amweleze hali yake. Alitangulia na timu. Sisi tulishuka na barabara ya kusini, tukapita Corsicana, tukala mayai ya kuchemsha kandokando ya njia, na kila tulipofungua dirisha hewa ilizidi kuwa nzito, mpaka tulipoteremka Houston nguo zikatushika mwilini.

Tulimkuta ameshavaa jezi, amefunga viatu, anaruka ruka mahali pamoja.

Mama alimwendea taratibu. "Barasa. Tuliongea nini?"

"Dada, niko sawa. Nimelala vizuri wiki nzima."

"Juzi hukujua vikombe viko wapi."

"Vikombe ni vyako, mimi nitavijuaje?" Alijaribu kucheka. Kisha akashusha sauti. "Nisikilize. Nimengoja siku hii tangu niko shule. Ni dakika themanini tu. Baada ya hapo nitalala mwaka mzima ukitaka."

Mama hakubishana naye. Alivuka mstari wa chaki, akaingia uwanjani, akamfuata yule kocha wa Houston aliyekuwa amesimama na mgeni wake pamoja na Sione. Mimi nilimfuata nyuma kwa sababu niliogopa watamfukuza. Aliwaambia kwa Kiingereza chake cha hospitali, kile kisichopandisha wala kushusha sauti, kwamba yeye ni nesi, kwamba kijana huyu alipigwa kichwani akazimia, na kwamba bado anasahau.

Mgeni wa Uingereza alimwita Anko. Akamuuliza leo ni siku gani, akajibu. Akamuuliza yuko mji gani, wamecheza na nani mechi iliyopita, nani rais, akajibu yote bila kusita. Yule mgeni akamtazama Mama na kuinua mabega. "Mbona yuko vizuri?"

Mama akamwambia, "Muulize amefikaje hapa asubuhi hii."

Anko akajibu mara moja. "Nime-drive mwenyewe."

Sione aliangalia nyasi, kisha akaja akasimama mbele yake karibu sana. "Bara," alisema, "ulikuja na mimi. Ulilala kuanzia Corsicana." Halafu akamgeukia Mama, akamwambia kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwambia: kwamba Alhamisi Anko alikuja mazoezini, akagongwa tena, na akawaomba wote wasiseme. Sione alikuwa analia huku akisema. Akashika ncha ya jezi ya Anko, akaivuta taratibu juu ya kichwa chake kama anayemvua mtoto, na Anko akainua mikono.

Mgeni alikuwa na ndege ya kurudi kesho yake. Mechi ikachezwa. Kijana mmoja wa Houston mwenye kasi, Mwaustralia, akacheza nafasi ile, naye ndiye aliyechukuliwa.

Anko hakurudi nasi. Alibaki Houston kwa rafiki yake, na kwa zaidi ya mwaka hakumpigia dada yake simu. Kichwa kilimuuma karibu muda wote huo, hilo tulilijua kwa Sione. Mama aliendelea na zamu zake. Akiulizwa kanisani habari za mdogo wake, alisema, "Ni mzima," akabadilisha mazungumzo. Koti la baridi lilikaa kabatini mpaka Baba akalipeleka kwa familia ya Wakongo waliokuwa wamefika Fort Worth bila nguo za baridi.

Kisha Jumapili moja, tukiwa mezani, mlango ukagongwa. Anko Barasa aliingia, amenenepa kidogo, akaketi mahali pake. "Dada, chai iko?" Mama akainuka, akamwekea chai. Hawakuombana msamaha siku ile wala baadaye, na sidhani kama kuna aliyehisi anadaiwa. Alimaliza chuo, akaajiriwa Mansfield, akaoa, na hakucheza tena. Aliwahi kunionyesha video ya yule Mwaustralia akicheza Uingereza. "Mzuri," alisema, "ila mimi nilikuwa bora." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja urefu wake.

Mwaka jana nilimuuliza kama alimlaumu Mama. "Siku ile ningecheza vizuri mno," alisema. "Hilo usilipunguze ukiandika. Na dada yangu hakukosea. Nimekaa na hayo mawili miaka yote, hayagombani tena."

Leo anafundisha raga watoto wa Mansfield, Wakenya, Wakongo, Watonga na wengine, na anajua jina la kila mmoja pamoja na la bibi yake. Wazazi wanakaa kwenye viti vyenye vivuli, kila mtoto ana chupa yake ya maji yenye jina, na wachezaji wakipumzika wanajitazama kwenye video kuona kama nywele zilikaa vizuri. Mtoto akigongwa, mchezo unasimama. Kuna binti mwenye koti la njano na tableti, ameajiriwa kwa kazi hiyo, anamuuliza mtoto maswali, na jibu moja likilegea anamtoa nje, na mzazi habishi kwa sababu sheria imeandikwa. Nafurahi kuwa hivyo. Lakini nikikaa pale na kuwaona wote walivyotulia, huikumbuka ile enzi yetu, wakati uwanja mzima ulikuwa haujui na haukutaka kujua, na aliyejua alikuwa mwanamke mmoja aliyetoka zamu, hajalala, na hakuna aliyemwalika kuvuka ule mstari wa chaki.