Mpimaji wa Shamba la Mama

Watu wa kwetu Mgori hawakuambii kwamba wanakushuku. Wananyamaza ukipita, kisha wanaongea ukishapita. Rebeka alipoanza kunyamaziwa, nilijua mambo yameharibika.

Rebeka ni mtoto wa dada yangu Jesca. Baba yake ni Mhindi wa Arusha, fundi wa mashine za kukatia nyasi kwenye uwanja wa gofu, na huko ndiko mtoto alikojifunzia mchezo. Kwa baba anaongea Kigujarati, kwetu Kinyaturu, na hakuna mzee anayepita bila shikamoo yake. Mwaka jana akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka huu alikuwa na mashindano ya kufuzu: akifuzu, atacheza nchi hadi nchi, asipofuzu, anarudi kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji wengine. Akaja kwangu kiangazi, afanyie mazoezi kwenye shamba la marehemu mama.

Kwetu uwele ukishavunwa shamba halina mwenyewe. Ng'ombe wa kila mtu wanaingia kula mabua. Hakuna aliyeweza kumkataza kutembea humo. Walichotazama ni vijiti. Kabla ya kupiga, anachomeka kijiti ardhini, anaweka mpira juu yake, anakazia macho kibendera alichosimika mbali. Wapimaji wa zamani walikuja hivyo hivyo, na vibendera na vigingi, na baadaye watu wakaambiwa mashamba yao si yao. Na huyu ana nywele za Kihindi. Ungewaambia nini wakakusikia?

Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano. Rebeka akaeleza mchezo wake vizuri, hata nikaanza kupata matumaini. Ndipo Mzee Laurenti, jirani yangu, akasimama.

"Mjukuu wangu, kutoka hapa hadi kwenye ule mgunga, ni mbali kiasi gani?"

Nilimkanyaga Rebeka mguu. Hakunielewa.

"Mita mia na arobaini na mbili, babu," akajibu papo hapo. Mcheza gofu asiyejua umbali kwa macho hana kazi.

"Ehee! Mmesikia wenyewe!" Mkutano mzima ukaguna. Wakamtaka aondoke kesho yake.

Asubuhi Laurenti huyo huyo akabisha hodi kwangu, huku akigeuka nyuma kuangalia nani anamwona.

"Mama Festo, naomba binti anitazamie mpaka wangu na Chediel kabla hajaondoka. Yule bwana kila mwaka ananimega."

Nikamkonyeza Rebeka: mwambie anachotaka, ubaki. Akaenda mpakani, akasimama kwenye jiwe linaloanzia mpaka, akaangalia hadi kwenye mti ambapo mpaka unaishia, akarudi.

"Babu, Chediel hajakumega. Ua wako wa minyaa ndio uliopinda kuingia kwake."

Laurenti hakuaga. Kufika mchana tukakuta miiba imelazwa kuziba njia ya shamba la mama, shamba ambalo hata ng'ombe wa Laurenti walikuwa humo wakila. Nilipiga kelele, nikawataja kwa majina. Hakuna aliyetoka nje. Rebeka akafunga mfuko wake, akapanda basi, wiki nzima ya mazoezi ikiwa imebaki.

Alikosa kufuzu kwa mpigo mmoja. Mmoja tu! Sasa wanakuja kwangu kwa kificho, kila mtu peke yake, kuniuliza binti atarudi lini, maana kila mmoja ana jirani anayemmega. Nawaambia yuko Arusha, anabeba mifuko.