Jiwe Lililotoka Duarani

Mjomba wangu alichonga kila jiwe lililokubali kuchongwa. Kilima chote nyuma ya nyumba yake, kule Genkuru, kilijaa sanamu: wanawake waliojitwika mitungi, fisi aliyetega masikio, ng'ombe wa nundu aliyelala majanini. Watu walitoka mjini Jumapili baada ya ibada kuja kuzitazama. Sisi tulikaa Bomani, na kila nilipokwenda na mama nilimkalia kwanza yule ng'ombe kabla hata ya kusalimia wakubwa. Nilikuwa msichana mkubwa na bado nilimkalia.

Halafu dhahabu ikawapandisha watu wazimu, na binamu yangu, mtoto pekee wa mjomba, akaingia duarani kama wenzake. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Lake liliporomoka, na mwili haukupatikana. Kwetu Wajaluo, mtu asipopatikana huzikwa tunda la yago badala yake, tunda refu, zito, ili naye awe na kaburi na wazazi wake wapumzike. Mama alilichuma mwenyewe akalibeba mpaka Genkuru. Mjomba alilirusha bondeni.

"Nyaminwa," alimwambia dada yake, "mtoto wangu si tunda."

Aliomba apewe jiwe ambalo wachimbaji walilivuta kwa winchi walipojaribu kumfikia mwanawe. Lilikuwa jeusi, lenye mishipa myeupe, gumu ajabu. Akamchonga mtoto wake ameketi, mikono magotini, miguu peku, akamweka katikati ya kilima. Hakuna mtu wa Genkuru asiyejua kwamba mishipa ile ni dalili ya dhahabu. Mjomba naye alijua. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu ule ulimpofusha.

Walikuja Jumapili moja mchana, mimi na mama tukila na mjomba. Kundi la wanaume, wengine wageni kutoka mikoa ya mbali, wengine vijana wa hapo hapo waliokula kwa mjomba tangu wadogo. Walibeba nyundo, sururu na viroba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Tumefuata lile jiwe la duara. Mengine hatugusi."

"Lile ni mtoto wangu."

"Mzee, mashine ya karasha ikilisaga ndiyo itasema kama ni mtoto."

Mmoja wao alicheka. Mjomba alichomoa panga chini ya kiti akamkata aliyecheka mkononi, nikaona mfupa. Mwingine akampiga mjomba mdomoni kwa mpini wa sururu, meno yakamwagika kwenye ugali. Nilichukua mchi wa kinu nikamshushia mtu mgongoni, akaanguka, nikamwongeza akiwa chini. Sisemi uongo, nilifurahi kumsikia akilia. Nilitaka wafe wote. Aliyeninyang'anya mchi nilimng'ata bega mpaka nikaonja damu, akanibamiza ukutani, nikaishiwa pumzi.

Nikiwa pale chini nilisikia nyundo ya kwanza. Iling'oa kichwa cha binamu yangu. Mama alipiga yowe ambalo siku duara lilipoporomoka hakulipiga. Walipiga kifua, mikono, magoti, wakajaza viroba wakagombana wao kwa wao juu ya vipande, wakaondoka wakimburuta mwenzao aliyekatwa.

Tulikuta unyayo mmoja umebaki majanini, vidole vyote vitano.

Mjomba alivua shati, akaufunga unyayo ndani yake. Akachimba pale pale, damu ikimtiririka kidevuni, na mama akaanza kumlilia mtoto kama inavyopasa. Tulimzika. Nilidhani yameisha, mpaka mjomba alipookota nyundo waliyoisahau na kumwendea mwanamke wa mtungi. Alimvunja uso.

"Unafanya nini?" mama alimuuliza.

"Wakisikia kuna kipande kimezikwa, watakuja kufukua. Nataka hapa pawe vifusi vitupu. Asijue mtu yuko wapi."

Alimvunja wa pili, akamvunja fisi. Mama alikusanya vifusi kwa karai na kuvimwaga juu ya kaburi na kila mahali, hata kaburi lisionekane tena. Alipobaki ng'ombe peke yake, mjomba aliniletea nyundo.

"Ng'ombe ni wako," alisema.

Nilimpiga kwenye nundu, mahali nilipozoea kukaa. Hakuvunjika. Ikabidi nirudie.