Upepo wa Mgongoni

Madereva wenzake walimwita Tani, na jina hilo hakulipata bure. Miaka ya kukaa kwenye kiti cha lori ilimjaza tumbo mpaka likagusana na usukani, wakawa wanamtania kwamba anakata kona kwa kitovu. Alicheka nao. Kicheko kilikoma asubuhi moja aliponing'inia kwenye mlango wa lori, mguu mmoja ngazini na mwingine hewani, kizunguzungu kimemshika, hadi watu wawili wakamshusha kama gunia. Tajiri mwenye lori aliyaona yote kutoka dirishani.

“Nenda hospitali,” alimwambia. “Daktari akisema u mzima, kiti chako kipo. Akisema vingine, tutaagana kwa wema.”

Daktari alisema presha imepanda, akampa vidonge, akamtaka apunguze mwili kabla hajamwona tena. Lori likakabidhiwa kijana ambaye Tani mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Kijana aliapa kwamba anakishikilia kiti tu, lakini kiti ni kiti. Hakimkumbuki aliyekikalia jana.

Ndipo shemeji yake, fundi baiskeli, alipomtafutia baiskeli ya mbio iliyokwisha kutumika: nyepesi, matairi membamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Siku ya kwanza alianguka mbele ya kinyozi, na wateja wakatoka na povu mashavuni kuja kumtazama. Ya pili alipanda kilima akihema kama mvukuto. Alijikaza kisabuni. Polepole akajua gia ipi ni ya mlima na ipi ya tambarare, mkanda wa suruali ukarudi nyuma tundu kwa tundu, na safari ya kwenda darajani na kurudi ikaacha kumtisha.

Jumamosi ya mwisho kabla ya miadi ya daktari, alimkuta mkewe uani akianika mashuka. Yalikuwa yakipepea na kumchapa usoni, naye akiyabana kwa vibanio viwiliviwili.

“Mwisho wako darajani, Baba Pacha.”

“Darajani nimeshapazoea, Mama Pacha. Leo nataka nijue kama nimepona.”

“Kupona utaambiwa na daktari, si na barabara. Simu umebeba?”

“Mzigo wa bure ule.”

“Tumbo lote hilo unalibeba, simu ndiyo ikulemee!”

Alicheka, akaiacha simu mezani, akaondoka.

Daraja lilimjia kabla hata jasho halijamtoka vizuri. Alilipita. Miguu ilizunguka kana kwamba si yake, tairi likiimba juu ya lami, na kilima kilichozoea kumtoa ulimi akakimaliza bila kubadili gia. Damu ya ujana ilimrudia. Pembeni mwa barabara moshi wa takataka ulikuwa umelala chini, ukielekea kule kule anakokwenda. Mfuko wa plastiki ulimfuata bega kwa bega, kisha ukampita. Tani aliona vyote hivyo, wala havikumwambia kitu. Barabara ile aliijua nusu ya umri wake, lakini siku zote akiwa nyuma ya kioo, na upepo kwake ulikuwa jambo la miti. Sasa hewa usoni pake ilikuwa imetulia tuli, naye akaamini kwamba nguvu zote zile ni zake.

Alifika hadi kwenye mizani ya malori, mahali ambapo hakuwahi kufika ila kwa injini. Akashusha mguu, akatabasamu peke yake, akageuza baiskeli.

Upepo ukampokea kama mlango uliofungwa.

Mwanzoni alidhani breki imekwama. Akainama kuitazama, ilikuwa salama. Akashusha gia, akashusha nyingine, mpaka zikamwishia. Mchanga ulimjaa mdomoni. Jasho, ambalo wakati wa kuja halikukauka, sasa lilikauka likamwacha na baridi mgongoni. Maji yalikuwa yameisha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Tani alikuwa ukingoni, na nyumbani kulikuwa mbali. Kitu kilimkaa kifuani, si maumivu hasa, bali uzito, kana kwamba mtu amemwekea goti. Akashuka, akaanza kuikokota baiskeli. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeingia ganzi.

Ndipo alipolisikia lori nyuma yake. Hakuhitaji kugeuka. Kile kikohozi cha gia ya pili alikijua kuliko sauti za wanawe.

Angeweza kupunga mkono. Ndani mlikuwa na maji, na kiti cha abiria kilichoegemea nyuma. Lakini kabla ya jioni yadi nzima ingejua kwamba Tani ameokotwa barabarani, na tajiri hangehitaji tena kumsikiliza daktari.

Akaipanda baiskeli, akanyonga.

“Mzee Tani!” Lori lilipunguza mwendo kando yake, kijana akachungulia dirishani. “Hee! Kumbe umekuwa kijana mwenzetu! Nikusogeze?”

“Nisogeze wapi? Nenda, mwanangu, usije ukachelewa!”

“Mbona umekuwa wa kijivu?”

“Vumbi!”

Kijana alicheka, akapiga honi. Kwa muda mfupi ubavu mrefu wa lori uliukinga upepo, na baiskeli ikaruka mbele, nyepesi kama wakati wa kuja. Kisha trela likampita, upepo ukarudi wote kwa mara moja, na lile goti kifuani likakandamiza.

Alitaka kushuka. Lakini alijua kijana bado anamwona kwenye kioo cha pembeni, na alijua, kwa kuwa kioo kile kilikuwa chake, kinamwonyesha mtu mpaka umbali gani. Akaamua kukanyaga mpaka hapo tu.

Na barabara mahali pale ilikuwa imenyooka, haina kona ya kumficha.