Dada Alilipitisha Daraja, Yeye Akazunguka

Dada yangu ndiye aliyelipitisha daraja letu jipya. Siku aliyokuja kunitembelea, hakulipita.

Gari lake jeupe lilifika saluni kwangu limegeuka rangi ya udongo. Kazunguka njia ya machimbo, mashimo matupu, karibu saa nzima. Na daraja lenyewe ukichungulia dirishani kwangu unaliona.

"Mbona umezunguka?"

"Foleni."

Nikachungulia. Darajani hapakuwa na gari hata moja.

Machale yakanicheza. Dada ni mkaguzi kwenye mamlaka ya madaraja. Bila sahihi yake, lile lisingefunguliwa. Nikamkazia macho, akajifanya anasoma chupa ya shampuu.

Wakati anaondoka akanivuta pembeni, akashusha sauti.

"Mdogo wangu, watoto wasipande tena basi la shule. Wapeleke kwa njia niliyopita mimi."

"Kuna nini?"

"Usiniulize."

Nikawatoa kwenye basi. Wiki haijaisha, mteja mmoja ninamsuka, akaniuliza, "Wanao mbona hawaonekani kwenye basi?"

"Wanatapika sana," nikamdanganya.

"Wangu mimi kila siku anagombania kiti cha dirishani. Anataka aone maji."

Msuko ukaniponyoka.

Nikampigia dada, hapokei. Nikatuma ujumbe. Akausoma, akauchuna bila kujibu.

Hapo watu mtaani walishaanza kunong'ona kwamba daraja linatikisika. Mamlaka wakaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Meza kuu wamejaa wakubwa na suti zao, dada yangu kaketi pembeni. Mkurugenzi wake akashika kipaza sauti.

"Daraja ni salama. Wakaguzi wetu wamethibitisha. Kuna swali?"

Nikasimama.

"Lipo, ila ni la dada yangu, yule pale. Dada, wanangu umesema nisiwapitishe darajani. Hawa wa wenzangu wapite wapi?"

Kikanuka!

Akina mama walipanda juu ya viti. Ila yule mteja niliyemdanganya hakumwangalia mkurugenzi. Aliniangalia mimi. Lile jicho sijalisahau mpaka leo.

Mkurugenzi akamgeukia dada. "Mwambie ni uongo."

Dada akainuka taratibu. "Ni kweli. Nguzo ya kati ina ufa chini ya maji. Nilisema lisifunguliwe. Ukaniambia nisaini au nikatafute kazi nyingine. Nikasaini."

Daraja likafungwa kesho yake. Mkurugenzi akasimamishwa kazi. Dada naye. Mama akaninunia, eti nimemwanika ndugu yangu hadharani.

Nikaenda kwa dada kumwomba radhi. Akacheka.

"Unadhani kwa nini nilikwambia wewe, sikumwambia kaka yetu? Kaka angenyamaza. Wewe nilijua hutaweza."

Nikabaki mdomo wazi. Kumbe alinituma bila kunituma! Au anajikosha tu kwa kuwa mambo yameshaharibika?

"Na kama ningenyamaza?" nikamuuliza.

Akainuka kwenda kuchemsha chai.

Jamani, hawa wanaotupitishia madaraja, maji na umeme, tuwaulize mbele za watu kama wao na watoto wao wanavitumia. Tuwaulize mapema, kabla ndugu hajamnong'oneza ndugu. Maana dada yangu nampenda, lakini jibu la lile swali nalisubiri mpaka leo.