Kamba ya Ghorofa ya Sita

Siku tisa kengele ya Daw Kyin Ohn haikulia, na siku ya tisa mama wa watu akaanza kushuku kwamba yeye mwenyewe amekufa.

Msicheke. Kaa wewe peke yako ghorofa ya sita, na miaka sabini na minne, magoti yamegoma kushuka ngazi, mlango unaotazamana na wako ni stoo ya mabomba iliyopigwa kufuli, tuone kama hutajifinya. Yeye alijifinya kweli asubuhi ile, mkono wa kushoto, akaumia. Akasema, "Haya, bado nipo." Kisha akakumbuka hakuna aliyewahi kurudi kumwambia kama mizimu inasikia maumivu au haisikii, akaogopa upya.

Kengele yenyewe ilikuwa ndogo, ya shaba, imefungwa kwenye nondo za baraza. Kutoka hapo kamba iliteremka ghorofa zote mpaka usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama barabarani, na mwisho wake ulikuwa na kibanio cha chuma. Ukimtaka Daw Kyin Ohn, kupanda kwa nini? Unavuta kamba, kengele inalia, anachungulia, mnapigiana kelele, unabana ulicholeta, anakivuta juu. Mambo kwisha.

Na wala si yeye tu. Kuna wakati mtaa ule wa katikati ya Yangon ulijaa kamba kila baraza, nyekundu, kijani, za katani, nyingine zimeungwa kwa vitambaa vya nguo kuukuu, ukipita lazima uziinamie. Asubuhi mtu wa magazeti alibana magazeti huku anatembea, hata hatazami juu. Akitoka yeye anakuja muuza tambi za mchuzi wa samaki, halafu mama wa ndizi, halafu mnunua chupa tupu, kila mmoja na mlio wake na wakati wake. Nani alihitaji saa? Ukisikia wa chupa, ujue wali unapaswa kuwa jikoni.

Daw Kyin Ohn alikuwa fundi wa kushona vikoi. Mteja alibana kitambaa na karatasi ya jina, adhuhuri kikoi kikateremka kimeshonwa. Hata mume alimpata kwa kamba ile. Karani mmoja wa bandari alileta kitambaa kila wiki, kila wiki, mpaka siku moja yeye, enzi hizo binti, akainama barazani akamuuliza mbele ya mtaa mzima, "Kaka, kwani una viuno vingapi?" Walicheka mpaka wauza tambuu. Miezi mitatu baadaye wakaoana.

Karani alishafariki. Vikoi siku hizi vinauzwa vimeshashonwa. Na kamba, jamani, ziliondoka moja moja kama meno. Watu wakapata simu, chakula kikaanza kuletwa na vijana wa baiskeli ambao hawajui hata jina la anayekula. Wapangaji wa ghorofa ya tano walisema kamba inaharibu sura ya jengo, wakaikata yao wakafungia kochi walipohamisha vitu. Jengo zima zikabaki mbili: ya Daw Kyin Ohn, na ya U Pe Kin wa ghorofa ya nne, mpishi mstaafu wa melini, mzee mwenye mdomo mchafu ambaye aliwatukana wote kwa usawa bila upendeleo.

Na wauzaji je? Alibaki Ma Yin Nu peke yake, muuza njegere za kuchemsha. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sinia kichwani, alivuta kamba ya ghorofa ya sita mara tatu.

"Shangazi, umeamka?"

"Nimeamka, kwa bahati mbaya!"

Utani wao ulikuwa huo huo, miaka kumi na moja. Lakini nisiwafiche, kwa Daw Kyin Ohn haukuwa utani. Ulikuwa ndio ulinzi wake. Alishapiga hesabu: nikianguka leo, kesho asubuhi Yin Nu atavuta, sitajibu, atajua. Mtu anaweza kuvumilia sakafu usiku mmoja. Hofu yake yote aliitundika kwenye kamba ile, ikakaa huko nje, yeye ndani akalala usingizi.

Sasa siku tisa kimya. Na ubaya ni kwamba sauti ya Yin Nu aliisikia. "Njegereee! Njegere za motooo!" Inakuja, inakaribia, inasimama chini ya jengo, inaondoka. Kengele kimya. Siku tatu hivyo, naye ndani akingoja kuvutiwa. Siku ya nne sauti haikusimama hata kidogo, ilipita moja kwa moja. Daw Kyin Ohn alishika nondo akaita mpaka koo likamkauka, lakini jenereta ya duka la simu la chini, iliyowashwa dakika ile ile, iliimeza sauti yake yote.

Nimemkosea nini? Ndilo alilojiuliza kwanza. Baadaye akajiuliza mabaya zaidi. Binti yake wa Singapuri alipiga simu Jumapili, akamwambia mambo mazuri tu, maana angesema "naogopa" angepelekwa nyumba ya wazee kabla ya mwezi kwisha. Akala wali na mayai. Mayai yakaisha, akala wali.

Asubuhi ya tisa aliteleza bafuni. Hakuanguka sana, aliwahi kushika pipa la maji, akajikuta amekaa chini, nguo zimelowa. Akatazama vigae. Akawaza: ni hapa. Itakuwa hapa hapa, na hakuna atakayepanda.

Wazo hilo ndilo lililomtoa nje. Alibadili nguo, akajipaka thanaka, poda ya gome la mti, mashavuni, maana mtu hatoki uso mtupu hata akiwa na hofu, akaanza kushuka ngazi ambazo hakuzikanyaga kwa miaka miwili. Giza. Ukuta una mate mekundu ya tambuu. Ngazi moja, pumzika. Ngazi moja, pumzika. Ghorofa ya nne aliuona mlango wa U Pe Kin umefungwa, geti la chuma limevutwa. Hakusimama. Ana yake ya kumtosha.

Chini jua lilimpiga machoni. Yin Nu alikuwa hatua tano kutoka mlangoni, akimfungia mteja njegere kwenye jani. Aliinua kichwa. Jani likamponyoka.

"Usinisogelee!" alipiga ukelele. "Shangazi, nimeshakutolea sadaka kwa watawa, nimekuita jina mara tatu uchukue thawabu zako, unataka nini tena?"

"Nataka njegere, mpumbavu wewe!"

Mteja akakimbia bila chenji. Yin Nu alimgusa bega kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima pasi ya moto, kisha akaangua kilio.

"Nilivuta siku tatu, Shangazi! Siku tatu hujibu! Nikasema umekufa."

"Ukasema nimekufa."

"Ndiyo."

"Na usipande kuangalia?"

Yin Nu akafuta pua na ncha ya kikoi. "Niliogopa nitakachokikuta," alisema. "Nakwambia kweli, niliogopa sana. Nikaona bora nitoe sadaka."

Kumbe hofu ya Daw Kyin Ohn haikuwa uzee wala ujinga. Siku sita alikuwa maiti mtaani, akaombewa, akaliliwa, na hakuna aliyepanda ngazi.

Wakatazama juu pamoja. Sababu ikaonekana wazi: ghorofa ya tatu wamefunga mashine ya kupoza hewa, na chuma chake kimeibana kamba ya sita ukutani. Yin Nu alikuwa akivuta chuma cha watu.

"Na ya U Pe Kin?" Daw Kyin Ohn aliuliza. "Yeye unamwuzia?"

"Naye kimya. Leo siku ya pili. Itakuwa imebanwa pia."

Lakini haikubanwa. Kamba ya ghorofa ya nne iliteremka imenyooka, haijagusa kitu. Yin Nu akaishika, akavuta. Kule juu kengele ikalia, safi kabisa, wote wawili wakaisikia. Akavuta tena. Ikalia tena. Hakuna kichwa kilichochungulia, hakuna tusi.

"Pengine kasafiri," Yin Nu alisema haraka.

"Aende wapi? Hana mtu."

"Basi kalala." Alikwisha kujitwika sinia. "Shangazi, nitakusindikiza mpaka mlango wa chini, lakini kupanda sipandi."

Daw Kyin Ohn akaanza kupanda peke yake. Alipofika ya pili alikuwa hana pumzi. Alipofika ya nne aliona mlango ule, na mwili mzima ukamwambia pita. Bado ngazi chache uko kwako. Asubuhi hii kalala tu. Hakupendi, hata salamu yako haitikii. Utamwambia mtu chini aje baadaye. Na mguu wake, nakwambia, ulikuwa umeshakanyaga ngazi ya kwenda ya tano.

Akasimama hapo, mkono ukutani, jasho likimtoka. Alijisikia anavyowaza, akajionea haya. Alirudi chini ngazi ile moja. Akavua ndala, akapiga geti nayo.

"U Pe Kin!"

Kimya. Akapiga tena, kwa nguvu, mpaka chuma kikalia jengo zima. Akaweka sikio. Ndani kitu kilikwaruza sakafu, kidogo sana, kikaacha. Kikakwaruza tena, kisha sauti iliyokauka, ya chini kabisa usawa wa mlango, ikasema, "Maji."

Geti lilifungwa kwa ndani. Alilitikisa, halikusogea, mikono yake haina nguvu hiyo. Akainama kwenye kona ya ngazi.

"Yin Nu! Yu hai! Panda!"

Chini hakujibu mtu. Jenereta tu.

"Yin Nu! Ameanguka, siwezi kufungua! Panda, mwanangu!"

"Shangazi, naogopa!"

"Na mimi naogopa! Panda hivyo hivyo!"

Akasubiri, ndala mkononi, mgongo kwenye geti. Muda ukapita, mrefu. Kisha akasikia sinia likiwekwa sakafuni, na miguu ikianza kupanda.