Maneno Juu ya Tikiti

Majina ya wote waliokuwepo siku ile ninayo kichwani, wa kwanza mpaka wa mwisho. Siyaandiki kwa sababu bado tunapishana nao sokoni.

Mwanangu, kitinda mimba, aliingia kwa Wateule, kwenye nyumba yao ya Rahaleo. Dini ya Nuru imeishika dunia nzima. Huku Mtwara wavuvi, walimu, watu wa bandarini, wote tumo, ila sisi ni Wasikizi tu, kazi yetu kuwalisha. Mteule halimi, hachumi, hapiki. Wanasema kila kinachoota kina nuru ndani yake, na kukikata ni kukijeruhi. Dhambi hiyo tunaibeba sisi. Yeye anakula, nuru inafunguka inapanda juu. Na kabla ya kula anakiambia chakula: "Sikukukata mimi. Aliyekukata na abebe lake."

Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, hayakuwahi kunichoma. Mpaka mume wangu alipoumwa na swila shambani Mpapura, akiwachumia wao matikiti. Tulimkuta keshakufa, tikiti alilolikata liko kando yake.

Matanga yalipoanuliwa nikalibeba tikiti lile mpaka Rahaleo. Mwanangu alikuwa mlangoni, kanzu nyeupe, miguu peku.

"Hili kalikata baba yako," nikamwambia. "Ndilo la mwisho. Yale maneno yaache leo."

"Kila Msikizi ana baba, bibi."

Bibi! Mimi niliyemnyonyesha mpaka akaning'ata.

"Mwanangu, sikuombi kingine."

Akalipokea tikiti, akaweka mkono juu yake, akayasema yote. Hakuruka hata neno. Wenzake waliokuwa nyuma yake wakaitikia.

Nikamnyang'anya. Nikakaa palepale kwenye ngazi, nikalipasua kwa kulibamiza, nikala. Mbegu nikazitema miguuni pake, nyingine kulia, nyingine kushoto, mpaka mbele ya mlango pakajaa. Mteule haruhusiwi kukanyaga mbegu wala kuifagia, na nyumba ile haina mlango mwingine.

"Sasa tutapitaje?" akauliza mmoja.

"Kaeni humo humo na nuru yenu."

Mwanangu akainama kidogo. "Mama," akasema taratibu, "ziokote."

Kumbe mama yake anamjua, pale anapotaka kufagiliwa. Nikajifuta mdomo kwa khanga, nikashika njia ya Likombe. Kuanzia siku ile chakula changu hakijafika kwao, na akija kuniombea nikifa, wamrudishe.