Bibi Amepumzika

Mwaka wangu wa mwisho Doha nilikuwa nikisubiri basi la kazini kando ya barabara moja ya Al Rayyan, na watunza bustani walikuwa juu ya ngazi wakipogoa mitende. Mmoja wao alikuwa chini, akiyachana makuti mabichi kwa mikono ili yaenee ndani ya gari la taka. Chwaa. Chwaa. Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa miaka mingi mno. Basi likaja, likafungua mlango, likaondoka, nami nimesimama palepale. Wewe unayenifahamu unajua kwamba kuchelewa kazini si desturi yangu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya alfajiri yetu. Bibi, mama yake mama yangu, ndiye aliyenilea, katika kijiji kilicho nyuma ya Tanga, na kabla jogoo hajawika mara ya pili alikuwa amekwisha kukaa barazani akichana ukindu wa kusukia mikeka. Aliuchana kwa ukucha wa kidole gumba, ukucha aliouacha urefuke kwa kazi hiyo peke yake, na miyaa ikatoka myembamba, imelingana. Uani chungu cha rangi kilitokota juu ya mafiga, leo zambarau, kesho kijani, na ole wake aliyetia humo mwiko wa uji. Mimi niliutia mara moja. Asubuhi ile tulikunywa uji wa zambarau, sote wawili, kwa kuwa hakukubali umwagwe.

Kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya ukili, ule msuko mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, naye akaupima kwa kuitanua mikono yake miwili: pima moja, pima mbili, pima tatu. Jicho lake likikutana na mwaa uliorukwa, aliufumua ukili hadi hapo, hata ikiwa ni jasho la siku nzima. Hakugomba. Alifumua, akaanza upya, nami nikaendelea kusimama na ncha yangu huku tumbo likiwaza mihogo ya nazi iliyokuwa ikipoa jikoni. Nikinung'unika, alisema, "Ukikaa, kaa wewe. Mkono usikae."

Ndugu zangu hupenda kusema kwamba aliishi miaka zaidi ya mia. Mimi siandiki hivyo. Hakuna karatasi yoyote inayothibitisha, na aliyeshuhudia kuzaliwa kwake hayupo. Naandika nililoliona.

Niliona, kwa mfano, jioni ile jirani yetu alipokuja na habari kwamba mimi siendi shule, kwamba nashinda mtoni nikivua kaa. Bibi hakuuacha ukili wake. Alimuuliza jambo moja tu: "Umemwona, au umeambiwa?" Jirani akajibu kwamba watu wote wanasema. "Hao watu wote nitawafuata mmoja mmoja hadi lini?" akasema Bibi. Kesho yake akajifunga kanga, akaenda kwa miguu hadi shuleni, mwendo wa saa nzima juani. Nilikuwa darasani nilipouona uso wake dirishani. Bibi akanitazama, akalitazama daftari langu, akageuka akarudi kwake. Jioni hakunitajia lolote. Lakini jirani yule alipopita, alimwambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Bibiye, kaa wako mwenye daftari nimemwona!"

Nikasoma, nikawa mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nikawafundisha watoto wa watu nyakati za vitenzi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baada ya kustaafu mapema, nilikwenda Doha kuwasimamia walinzi wa hoteli moja huko West Bay. Walikuwa vijana wa Kenya, Uganda na kwetu, nao waliniita Mwalimu. Kila taarifa ya tukio ilipita mikononi mwangu, na nilikuwa na sharti moja: andika ulichokiona, usiandike ulichoambiwa. Walilichukia sharti hilo. Nililipata wapi, sasa unajua.

Bibi alikuwa bado hai, bado barazani, macho yamefifia na vidole vinaona. Kila nilipopiga simu niliwasihi nyumbani, mpumzisheni mzee huyu. Yeye akipewa simu husema, "Nipumzike nimechoka nini?" Kisha zikaanza habari. Binamu akasema amesikia Bibi hali chakula. Rafiki akasema kaambiwa sokoni kwamba Bibi ananiulizia. Niliwauliza wote, mmemwona? Hakuna aliyemwona. Wakati huo ijaza yangu, ndivyo sote tulivyozoea kuiita likizo, ilikuwa imekwisha kuidhinishwa. Mlinzi mmoja wa Uganda alikuja kuniomba nimwachie nafasi hiyo, kwa kuwa mkewe amejifungua kwa shida. Alikuwa na cheti cha hospitali. Mimi nilikuwa na maneno ya sokoni. Nikamwachia. Nikampigia mpwa wangu, nikamwamuru amwondolee Bibi ukindu wote barazani na amlaze apumzike, nami ningekwenda baada ya miezi mitatu.

Siku chache baadaye, Ijumaa, tukiwa tumetoka msikitini, mpwa wangu akapiga simu. Mawasiliano yalikuwa mabaya, sauti yake inakuja na kupotea.

"Mjomba, pole sana. Bibi amepumzika."

Nikafurahi, ndugu yangu. Nilidhani pole ile ni ya jua la Doha. Nikajibu, "Alhamdulillahi! Na msimruhusu kuinuka tena."

Kisha simu ikakatika.

Katika nyumba tuliyokaa, Al Rayyan, Ijumaa tulikula pamoja, sinia moja la wali na mbuzi katikati ya mkeka wa plastiki. Nikawapa habari yangu, kwamba mwanamke asiyewahi kuamriwa na mtu leo amekubali amri yangu. Mlinzi wa Kenya akacheka hadi akapaliwa. "Mwalimu, hiyo ni miujiza bana! Mimi shosho wangu ukimwambia apumzike, anakuchapa na mwiko!" Nami nikacheka. Dereva mmoja wa Unguja, mtu mzima kama mimi, hakucheka. Alilirudisha tonge siniani.

"Mwalimu," akasema taratibu, "huyo kijana kakwambia vipi khasa? Bibi anapumzika, au amepumzika?"

Nilifungua kinywa kumjibu. Somo hilo nimelifundisha mara ngapi, sijui: *-na-* kwa tendo linaloendelea, *-me-* kwa tendo lililotimia. Wakaacha kula wote. Yule wa Kenya akaniwekea mkono begani, akauondoa. Nilisikia dereva akisema, "Inna lillahi," na hata hapo nilikuwa bado nimeshika tonge.

Nilipompata mpwa wangu kwa simu, Jumamosi, Bibi alikuwa amezikwa tangu jana yake. Lile jibu langu lilikuwa limekwisha kufika matangani, na waombolezaji wakalipokea kama walivyolisikia: mjukuu aliyesomeshwa kwa ukili, akiwa Uarabuni, ameshukuru, akasema asiruhusiwe kuinuka tena. Wapo wanaolisimulia hadi leo. Lingekuwa uzushi ningelikanusha.

Nimerejea kijijini kuuishia umri wangu. Baraza imesakafiwa. Hakuna anayechana ukindu. Mikindu yenyewe imekatwa kupisha nyumba, na watoto hulala juu ya mikeka ya kiwandani yenye picha za tausi. Nilipowauliza pima moja ni kiasi gani, walinitazama. Nikaitanua mikono yangu kuwaonyesha, nikaishusha.

Mama mdogo, binti wa mwisho wa Bibi, aliyemwuguza na kumwosha, bado yu hai, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na akili zake timamu. Alikuwa chumbani siku zote zile. Yeye anajua kama ukindu uliondolewa kwa amri yangu, na vidole vile vilifanya nini vilipokosa kazi. Anajua kama Bibi aliniita au hakuniita. Ni shahidi wa macho, wa aina ile niliyoidai maisha yangu yote. Kila asubuhi hupita mbele ya mlango wangu na ndoo yake, husimama kidogo, kana kwamba ananingoja niseme jambo. Mimi humwamkia shikamoo, naye huitikia marahaba, mwanangu, akaenda zake.

Sijamuuliza.